Kijiti cha mkojo kinasema sina sukari. Kwa nini nikapimwe damu?

Safu ya Muulize Mkunga. Anayejibu ni mkunga mstaafu aliyefanya kazi wodi za wazazi mkoani Tanga kwa miaka 33.

*Shikamoo Bibi Mkunga. Nina miaka 29, naishi Muheza, mimba ya pili, wiki ya 26. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.3, na kila aliyekuja kumtazama alisema mashaallah, huyu ndiye mtoto. Mama yangu mzazi ana kisukari, anachoma sindano. Kliniki kila nikienda wananipima mkojo kwa kijiti na kila mara hakuna sukari. Mwezi huu nesi mpya ameangalia kadi yangu, akaniuliza mtoto wa kwanza alikuwa na uzito gani, halafu akaniandikia niende hospitali ya mjini bila kula tangu usiku, ninyweshwe maji ya glukosi na kutolewa damu mara tatu. Mama mkwe hataki kabisa. Anasema mtu haongezewi sukari ili kuangaliwa kama ana sukari, na kwamba yale maji ndiyo yatakayompa mtoto ugonjwa. Mume wangu yupo katikati. Nauli peke yake ni pesa ya mboga ya siku mbili. Niende, au nitulie kwa kuwa mkojo ni mzuri? – Mama Kilo Nne, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Kipimo hiki hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, nawe uko ya 26, kwa hiyo usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na huyo nesi mpya mshike vizuri, popote alipotokea. Amekuuliza swali ambalo mimi nilichelewa kujifunza kuliuliza.

Nianze na kijiti, maana ndicho kilichotulaza usingizi wengi. Figo hufanya kazi kama ukuta wa bwawa. Sukari hubaki kwenye damu, na mpaka ifike kimo fulani ndipo hufurika na kuingia kwenye mkojo. Ukiwa na mimba ukuta huo hushuka, na haushuki sawa kwa kila mwanamke. Ndiyo maana yupo mjamzito mwenye sukari ya kawaida kabisa ambaye kijiti chake hubadilika rangi, akarudi nyumbani analia. Yupo na mwingine ambaye sukari yake imepanda, si kwa kutisha, ila inatosha kumnenepesha mtoto tumboni, na mkojo wake ni msafi kama wako. Tena mkojo uliokusanyika tangu alfajiri hauwezi kukueleza damu ilifika wapi saa moja baada ya wali wa jana mchana. Kijiti nakiheshimu kwa kazi yake nyingine: kinaonyesha protini, na protini ikikutana na presha tunajua kifafa cha mimba kinanyemelea. Kwa sukari, usikiachie hukumu.

Sasa kwa nini mwanamke aliyekuwa mzima apande sukari kwa sababu ya mimba? Jibu liko kwenye kondo la nyuma. Kondo hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile inayoshusha sukari, isishike sawasawa, ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu kidogo na mtoto apate chakula chake. Ni mpango mzuri. Kongosho la mama hutakiwa kuitikia kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na wengi wetu kongosho zetu huitikia. Wengine huzidiwa, hasa kuanzia mwezi wa sita kondo linapokuwa kubwa. Hapo sukari hubaki juu, huvuka kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama yenyewe haivuki. Basi mtoto hutengeneza ya kwake, nyingi, na hiyo ndiyo humnenepesha: mafuta mabegani, mafuta tumboni, kilo nne, nne na nusu.

Hao waliosema mashaallah hawakukosea, mtoto ni neema. Ila sisi watu wa Pwani tumezoea kuupima uzima wa mtoto kwa mizani, na hapo ndipo ninapotaka kukusimulia jambo.

Ilikuwa mwaka 1994, zamu ya usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikuwa mkunga wa miaka michache, nina mikono yenye nguvu na najiamini. Akaletwa mama wa uzazi wa tatu. Kadi yake ilikuwa safi: presha nzuri, mkojo umepimwa mara nne, hakuna sukari, hakuna protini. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, palikuwa na uzito wa watoto waliotangulia, 4.1 na 4.4. Niliusoma, nikampongeza. Leba ilikwenda vizuri mpaka kichwa kikatoka. Halafu kichwa kikarudi nyuma kidogo, mashavu yakabanwa, kama kobe anayejirudisha ndani ya gamba lake. Bega lilikuwa limekwama nyuma ya mfupa wa nyonga. Tulimkunja yule mama magoti mpaka kifuani, mwenzangu akakandamiza juu ya kinena, nikaingiza mkono kuutafuta mkono wa mtoto. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Mtoto alitoka wa bluu, akalia baada ya kusaidiwa, kilo 4.8, na mkono wake wa kulia ulining'inia kama tambara. Kabla hakujapambazuka akaanza kutetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka sana, maana alikuwa amezoea kupokea nyingi kutoka kwa mama na kutoa insulini nyingi kuikabili. Kitovu kilipokatwa, sukari ya mama ikakoma na insulini yake ikabaki.

Aliishi. Mkono haukurudi wote. Yule mama nilimwona tena miaka saba baadaye, amelazwa na kidonda cha mguu kisichopona, sukari imepanda mpaka mashine haitoi namba. Alinitambua. Aliniuliza kama kilichomkuta mwanawe na kilichomkuta yeye ni kitu kimoja. Nilimjibu kwamba kwa jinsi ninavyoona ndiyo, na kwamba siku ile ya kwanza ningeweza kuuliza na sikuuliza. Mwanangu, mimi hiyo kadi naiona mpaka leo. Kila kilichotakiwa kujulikana kilikuwa kimeandikwa pale, isipokuwa kipimo ambacho hakuna aliyekifanya.

Wewe una alama mbili zilizo wazi: mtoto aliyepita zaidi ya kilo nne, na mzazi mwenye kisukari. Nyingine ambazo nesi atakuuliza ni uzito wako kabla ya mimba, kama uliwahi kuambiwa una sukari katika mimba iliyopita, na kama uliwahi kufiwa na mtoto tumboni bila sababu kujulikana. Usifiche lolote kati ya hayo, hata kama mama mkwe kakaa pembeni. Mwombe nesi mzungumze wawili.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Siku tatu kabla kula kama unavyokula siku zote. Usijinyime ugali ili majibu yapendeze, utajidanganya. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ukimaliza kula saa nne, basi, mpaka asubuhi ni maji matupu. Ufike maabara saa mbili asubuhi. Watakutoa damu ya kwanza ukiwa na njaa. Kisha utapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji, kiasi cha bilauri moja kubwa, unywe ndani ya dakika tano. Angalia wapime kwa mizani au watumie pakiti yenye kipimo. Ukiona mtu anakisia kwa kijiko, uliza. Yale maji ni matamu ya kukera koo. Kama wana barafu au limau, omba watie kipande cha barafu au tone la limau, wengi huruhusu. Halafu unakaa. Unakaa kweli, si kwenda sokoni na kurudi, kwa sababu ukitembea misuli hula sukari na majibu huharibika. Damu ya pili saa moja baada ya kunywa, ya tatu baada ya saa mbili. Ukitapika ndani ya muda huo, waambie. Kipimo hicho hakina maana tena, utarudia siku nyingine. Chukua khanga ya kujifunika na mtu wa kukaa naye, na ubebe chakula chako kwenye hotipoti cha kula mara tu sindano ya tatu ikitoka, maana njaa itakayokushika si ya kawaida.

Majibu yatakuwa namba tatu. Utaambiwa una kisukari cha mimba ikiwa ile ya njaa imefika 5.1 (kwa milimoli kwa lita), au ya saa moja imefika 10.0, au ya saa mbili imefika 8.5. Yoyote mojawapo inatosha. Mashine nyingine huandika kwa miligramu, ambako namba hizo ni 92, 180 na 153; ukiletewa namba kubwa namna hiyo usizimie, gawa kwa 18. Ile ya njaa ikifika 7.0, au ya saa mbili ikifika 11.1, hiyo ni sukari ya juu zaidi ambayo pengine ilikuwepo hata kabla ya mimba, na hapo usirudi nyumbani mpaka umeonana na daktari.

Na mama mkwe? Mwambie nimemsalimu, na kwamba swali lake ni la maana kuliko majibu anayopewa. Gramu 75 ni karibu sawa na sukari iliyomo kwenye chupa mbili za soda za mililita 350. Kwa siku moja, mara moja. Mtoto hapati ugonjwa kwa hilo. Kinachomdhuru ni sukari iliyokaa juu wiki kumi na mbili mfululizo bila mtu kujua. Tunautwisha mwili mzigo unaojulikana ili tuone unaubeba vipi. Mwenyewe akimtaka kibarua wa shamba hamtazami amesimama tu, humpa jembe. Mpeleke naye, akae kwenye benchi na wewe. Nimeona mama wakwe wengi wakitoka pale wakiwa wao ndio wasimamizi wakali wa sukari nyumbani.

Nauli sina la kuitetea. Inaniuma kwamba kipimo cha bilauri moja na sindano tatu hakipo kwenye zahanati zetu zote, na kwamba mwanamke wa Muheza achague kati ya mboga na kipimo. Ukirudi kliniki, mwambieni mganga mfawidhi, wewe na wenzako mlio kwenye benchi siku hiyo. Wakiandikiwa wanawake kumi kwa mwezi kwenda mjini, hiyo ni hoja ya kuleta mashine na glukosi pale pale. Mume wako asikae katikati. Hii ni nauli yake.

*Assalaam alaykum Bi Mkunga. Nimeandikiwa kipimo cha kunywa glukosi, na tarehe imeangukia ndani ya Ramadhani. Nafunga na sijisikii vibaya. Kwa kuwa tayari mchana nina njaa, naweza kwenda saa tisa alasiri nikapimwa? – Wete, Pemba*

Waalaykum salaam, binti yangu. Ule mfungo na huu si kitu kimoja. Kipimo kinataka saa nane za njaa angalau, na hufanywa asubuhi. Wewe uliyekula daku saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi hujafikisha. Na yale maji ya glukosi yanafunguza, hilo halina mjadala. Njia iliyo rahisi ni kuomba tarehe isogezwe kabla ya mwezi kuandama, au, kama wiki zako zitapita 28, uchague siku moja usifunge, ule chakula cha mwisho usiku mapema, uende asubuhi, na siku hiyo uilipe baadaye. Mjamzito amepewa ruhusa katika dini, na sheikh wa mtaa wako atakueleza utaratibu wa kulipa kuliko mimi. Ninaloliweza kulisema kama mkunga ni hili: ukigundulika una kisukari cha mimba, mfungo wenyewe uzungumze na daktari kabla ya kuendelea, hasa kama umeanzishiwa insulini, kwa sababu sukari inaweza kushuka mchana ukiwa peke yako ndani.

*Shikamoo. Mke wangu ana wiki 27. Amepimwa hapa Mombasa: kabla ya kunywa 5.4, saa moja 8.9, saa mbili 7.1. Daktari anasema ana kisukari cha mimba. Mbona mbili zimepita na moja imezidi kidogo tu? Mimi mwenyewe nimejipima asubuhi kwa mashine ya duka la dawa nikapata 5.5, wakaniambia niko sawa. Je, huyu daktari hatafuti wateja? – Baba Mtarajiwa, Mombasa*

Marahaba, baba. Nimefurahi kwamba umeandika wewe. Barua za wanaume kwenye safu hii nazihesabu kwa vidole.

Wewe ukiwa na 5.5 uko sawa. Mkeo akiwa na 5.4 hayuko sawa, na daktari hajakuibia. Mwanamke mwenye mimba hutakiwa kuamka na sukari ya chini kuliko yako na yangu, kwa kuwa mtoto amekula usiku kucha. Akiamka nayo juu, ina maana mwili wake umeshindwa kuishusha hata wakati ambapo haukupewa chakula.

Mstari huo wa 5.1 una historia yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, wote kwa gramu 75 kama mkeo. Watafiti walitarajia labda kuona kimo ambacho chini yake ni salama na juu yake ni hatari. Hawakukiona. Kila sukari ilipopanda kidogo, watoto wakubwa waliongezeka kidogo, na watoto waliozaliwa na insulini nyingi katika damu ya kitovu nao waliongezeka. Ni mteremko, hauna ngazi. Wataalamu wakakaa, wakachagua pa kuchora mstari, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaupokea. Katika nchi hizo 9 hakuna hata moja ya bara letu, na jambo hilo nimelilalamikia kwenye kila semina niliyokaribishwa. Hata hivyo mstari ndio huo tulio nao, na mimi sitamwambia mkeo asubiri tupate wetu.

Tena kumtunza kunasaidia, hilo nalo limepimwa. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa Australia wa wanawake 1,000 wenye sukari ya namna hii isiyo kali. Nusu walipewa ushauri wa chakula, kujipima, na insulini kwa aliyehitaji. Nusu walihudumiwa kama kawaida. Matatizo makubwa ya mtoto, yaani kifo, bega kukwama, mfupa kuvunjika, mshipa wa fahamu wa mkono kujeruhiwa, yalikuwa kama 4 katika kila 100 kwa waliohudumiwa kawaida, na 1 katika 100 kwa waliotunzwa. Niliposoma hizo namba nilimkumbuka mtoto wangu wa 1994.

Sasa kazi yako. Asubuhi ndipo sukari ya mjamzito huwa kaidi kuliko wakati wowote. Mahamri matatu na chai iliyokolea sukari ndiyo mwanzo mbaya wa siku kwa mkeo. Mbaazi zibaki, tena ziongezwe. Mahamri liwe moja, chai isiwe na sukari, na yai likae pembeni. Mchana, sahani igawanye kwa macho: nusu mboga za majani, robo samaki au maharage au nyama, robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali au chapati. Mnazoea kinyume chake, najua, sahani nzima wali na mchuzi juu. Matunda ale kipande, asikamuliwe juisi. Embe moja na jagi la juisi ya maembe si kitu kimoja, na juisi ya miwa aisahau mpaka ajifungue. Wala usimshindishe njaa. Nimekutana na wanawake walioambiwa “punguza wanga” wakaacha kula kabisa, wakaja wamedhoofika na mkojo umejaa ketoni, dalili kwamba mwili unachoma mafuta yake kwa njaa. Ale mara tatu, na vitafunio vidogo katikati, karanga kiganja kimoja au mtindi usiotiwa sukari. Baada ya kila mlo mtembee pamoja robo saa. Mkiwa wawili si adhabu.

Kama mnaweza, nunueni mashine ya kupimia nyumbani. Malengo ambayo madaktari wengi huyatumia ni chini ya 5.3 akiamka, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Aandike kwenye daftari, na pembeni aandike alikula nini. Daftari hilo lina faida kuliko maelezo yote atakayotoa kwa mdomo. Wengi hutulia kwa chakula na kutembea tu. Wiki moja au mbili zikipita namba hazijashuka, ndipo daktari huongeza dawa.

Na ule wali wa nazi wa sahani nzima, baba, usiule mbele yake.

*Kwani hawawezi kunipima kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kisichohitaji njaa wala kunywa kitu? – Dodoma*

Kile husoma sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu. Ukiwa mjamzito chembe hizo hutengenezwa na kufa kwa kasi zaidi, kwa hiyo husoma chini kuliko hali halisi. Ukiwa na upungufu wa damu, au selimundu kwenye familia, ndiyo kabisa usikiamini. Mwanzoni mwa mimba kinaweza kumwonyesha mwanamke ambaye tayari alikuwa na kisukari bila kujua, na kwa hilo ni kizuri. Kwa wiki ya 26, kanywe glukosi.

*Shikamoo Bibi. Niko Mtwara, wiki ya 33. Chakula nimejitahidi lakini asubuhi sukari haishuki, nimeanzishiwa insulini. Nina maswali mawili. Ya kwanza, dawa hii itamfikia mtoto? Ya pili, majirani wananiambia ukishachoma sindano huachi tena maisha. Usiku silali. – Mama K.*

Marahaba mwanangu. Kama nilivyomweleza mwenzako wa Muheza, insulini haivuki kondo. Inabaki kwako, inashusha sukari yako, na mtoto anafaidika kwa kupokea sukari kidogo. Tunaitumia kwa wajawazito kwa sababu hiyo hiyo. Jifunze dalili za sukari kushuka: jasho, mtetemo, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Weka karibu na kitanda sukari ya kukoroga au soda ndogo, na mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba ajue. Asubuhi kutoshuka hakumaanishi umekula vibaya. Sukari ya kuamkia ndiyo ngumu kuishinda kwa chakula, kwa sababu usiku huli. Usijilaumu kwa hilo, tafadhali.

Kuhusu majirani, wanachanganya ugonjwa wako na wa wengine. Kinachokukorofisha ni kondo. Likitoka, homoni zake nazo huondoka, na wanawake wengi tuliwasitishia insulini siku ile ile ya kujifungua. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na watu wa kumwangalia mtoto, usikubali kubakizwa mbali. Mtoto awekwe kifuani na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Ile dang'a ya manjano ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya sukari kushuka. Watamchoma kisigino mara kadhaa kumpima. Atalia, wewe vumilia. Endelea kumnyonyesha, kwani kunyonyesha nako hupunguza uwezekano wa wewe kupata kisukari baadaye.

Baadaye hiyo ndiyo inayoninyima mimi usingizi. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara saba hivi au zaidi kuliko ambaye hakupata. Kwa hiyo kile kinywaji kitamu kinarudiwa, kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, safari hii kwa viwango vya mtu asiye na mimba: njaa 7.0 na kuendelea, au saa mbili 11.1 na kuendelea, ndicho kisukari. Ikiwa nzuri, unarudia kupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na mapema zaidi ukitaka mimba nyingine. Katika miaka yangu yote hiki ndicho kipimo ambacho wanawake hawakuja. Mtoto ana afya, mama ana shughuli, sukari imeshuka, nani akumbuke? Yule mama wa kidonda cha mguu hakuwa na mtu wa kumkumbusha.

Nimefikiri sana namna ya kukukumbusha wewe. Mtoto ana chanjo ya wiki 6, ya wiki 10 na ya wiki 14, na hizo najua hutazikosa. Chukua kadi yake ya chanjo, na penye wiki ya 10 andika kwa kalamu nyekundu: SUKARI YA MAMA. Mwonyeshe nesi siku ya wiki ya 6, akuandikie barua ya maabara mapema. Siku hiyo ya wiki ya 10 utoke nyumbani hujanywa chai, na mdogo wako aje nawe akushikie mtoto.